Hedseti ya Kwanza ya Rubani Mwanafunzi: Namna ya Kuchagua Bila Kumaliza Pesa ya Kuruka

Hedseti ndiyo kifaa cha kwanza cha bei ambacho mwanafunzi wa urubani hununua kwa pesa yake, na wengi hukinunua kabla hawajajua hata matundu ya plagi yako upande gani wa dashibodi. Kuna anayetoa zaidi ya dola 1,000 kwa hedseti ya marubani wa safari ndefu, kisha pesa ya kuruka inamwishia kabla hajaruka peke yake. Kuna pia anayechukua ya bei ya chini kabisa bila kuijaribu, halafu anagundua akiwa angani kwenye mzunguko wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwamba mnara wa kuongozea ndege unasikia mngurumo wa injini kuliko sauti yake.

Msimamo wetu ni huu. Viwango vya kimataifa vinadai angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, au 35 ukiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kwa saa hizo, hedseti ya kawaida isiyotumia betri inatosha kabisa, mradi inakukaa vizuri, maiki yake ni safi na vipuri vyake vinapatikana. Pesa inayobaki iende kwenye saa za ndege.

Usinunue bado

Subiri mpaka mambo mawili yatimie.

La kwanza ni cheti cha afya. Leseni ya rubani binafsi inahitaji daraja la 2, na ukilenga urubani wa biashara utahitaji daraja la 1. Kapimwe kwanza. Hedseti haina kazi nyumbani kwa mtu ambaye daktari wa anga amemwambia asubiri.

La pili ni kuruka saa nne au tano kwa hedseti ya kuazima shuleni. Nenda na vifuniko vyako vya kitambaa vya kuvalisha mito ya masikio, kwa sababu hedseti ya shule imeshapita kwenye jasho la wengi. Kila ukitua, andika kwenye daftari mambo matatu: palipouma (utosini, mashavuni au nyuma ya masikio), dakika ya ngapi maumivu yalianza, na kama mkufunzi alikwambia urudie maneno. Daftari hilo litakusaidia dukani kuliko tangazo lolote.

Ukiwa bado kwenye hedseti ya shule, chungulia matundu ya ndege unayofundishiwa. Ndiyo yanayoamua ununue plagi gani.

Plagi: hapa hakuna kukisia

Ndege ndogo za mafunzo kama Cessna 152, Cessna 172 na Piper PA-28 hutumia plagi mbili. Moja ni nene, kipenyo chake karibu milimita 6.3, hiyo ni ya sauti inayokujia masikioni na huingia kwenye tundu lililoandikwa PHONE. Nyingine ni nyembamba kidogo, karibu milimita 5.2, hiyo ni ya maiki na huingia kwenye MIC. Kwenye karatasi za wauzaji utaona namba PJ-055 kwa ile nene na PJ-068 kwa ile nyembamba. Maelezo ya bidhaa yasipotaja jozi hiyo, uliza kabla ya kulipa.

Helikopta nyingi hutumia plagi moja yenye sehemu nne za mguso, U-174/U. Ukianza na ndege kisha ukahamia Robinson R22 au R44, adapta ndogo itakuvusha, kwa hiyo usinunue hedseti ya helikopta leo kwa sababu ya ndoto ya mwaka kesho. Ndege za Airbus zina plagi yao ya duara yenye pini tano. Ipo pia plagi ndogo ya pini sita inayochukua umeme kutoka kwenye ndege yenyewe. Hiyo ni nzuri ikiwa ndege ni yako. Ndege ya shule mara nyingi haina tundu lake, nawe utabaki na hedseti isiyo na pa kuchomekwa.

Aina mbili zinawanasa wanaotafuta bei rahisi. Hedseti kuukuu za jeshi zina maiki na spika za ukinzani mdogo. Redio ya ndege ya kiraia imetengenezewa spika zenye ukinzani wa kuanzia ohmu 150 hivi, na maiki inayopokea umeme mdogo kutoka kwenye redio yenyewe. Ya jeshi ukiichomeka utasikia kwa mbali sana, au hutasikika kabisa, hata kama plagi imeingia sawasawa. Aina ya pili ni hedseti za madereva wa rali, ambazo kwa macho zinafanana mno na za ndege. Nyaya na viwango vyake vya umeme ni vya intakomu ya gari, yaani mfumo wa kuongea walio ndani. Ziache.

Kelele, na namba iliyo kwenye boksi

Ndani ya ndege ya injini moja ya pistoni kelele hufika desibeli 90 na zaidi injini ikiwa kwenye nguvu kubwa. Kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inasema sikio linastahimili desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja tu. Somo moja la kawaida bila kinga nzuri linamaliza mgawo wako wa siku nzima.

Kwa anayetaka kufanya urubani kazi, hili linagusa leseni moja kwa moja. Katika vipimo vya daraja la 1, kila sikio likipimwa peke yake, upotevu wa usikivu haupaswi kuzidi desibeli 35 kwenye masafa ya sauti ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala 50 kwenye hezi 3,000. Usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi.

Boksi la hedseti hubeba namba inayoitwa NRR, yaani kiwango cha kupunguza kelele, kwa mfano 23. Usidhani utapunguziwa desibeli 23 zote. Namba hiyo hupimwa maabara, kwenye vichwa vilivyovalishwa kwa uangalifu. Wakaguzi wa usalama kazini Marekani wana hesabu ya tahadhari: toa 7, kisha gawanya kwa 2. Kwa 23 unabaki na 8. Kabini ya desibeli 95 inakuwa 87 masikioni mwako. Ndiyo maana tunasisitiza namna hedseti inavyokukaa kuliko namba: yenye 24 inayovuja pembeni inashindwa na yenye 20 iliyoziba sawasawa.

Ipo kinga ya bei ndogo ambayo wanafunzi wachache wanaijua. Vaa vizibo vya sponji ndani ya masikio, vile vya viwandani, kisha hedseti juu yake, halafu ongeza sauti ya redio. Mngurumo unapungua, maneno yanabaki wazi. Jaribu kwanza ukiwa na mkufunzi, si siku ya kuruka peke yako.

Ya betri au ya kawaida?

Hedseti ya kawaida huzuia kelele kwa unene wa vikombe na mito yake. Inafanya kazi nzuri kwenye milio myembamba, lakini mvumo mzito unapenya. Na ndege ndogo ni mvumo mtupu: rafadha yenye mapanga mawili ikizunguka mara 2,400 kwa dakika inapiga hewa mara 80 kila sekunde, na injini ya silinda nne kwa kasi hiyohiyo inawaka mara 80 kila sekunde pia. Hapo ndipo ANR, yaani hedseti ya betri, inapokuwa na nguvu. Maiki ndogo ndani ya kikombe inasikia mvumo, na saketi inatoa wimbi la kinyume chake, viwili hivyo vinafutana. Bose ilianza kuwauzia marubani hedseti za aina hii mwaka 1989, na waliozoea huwa hawapendi kurudi nyuma.

Raha hiyo ina gharama kwa mwanafunzi. ANR nzuri ni ghali. ANR ya bei ya chini mara nyingi ina vikombe vyepesi, hivyo betri ikiisha unabaki na kinga dhaifu kuliko ya hedseti ya kawaida ya bei hiyohiyo. Betri za duka la mtaani hudumu muda mfupi, na zikisahaulika ndani ya kisanduku huvuja na kula vyuma vya mguso. Saketi ikifa inabidi hedseti irudi kiwandani, ng'ambo, kwa gharama yako ya usafirishaji. Ya kawaida inaweza kufunguliwa hapa kwetu na fundi wa redio za ndege.

ANR inaanza kulipa ukishaingia kwenye saa nyingi za leseni ya biashara, au ukiwa unaruka saa tatu au nne kwa siku. Ukiamua kuinunua sasa, ijaribu ikiwa imezimwa. Redio na maiki lazima viendelee kufanya kazi, na kelele iwe ya kuvumilika mpaka utue.

Bei zinavyojipanga

Chini ya dola 200 hivi utapata hedseti za kawaida za wanafunzi, kama Rugged Air RA200, ASA HS-1A na Kore KA-1. Zinatosha kupata leseni. Tofauti yake na za juu utaiona kwenye mito, ubora wa waya na jinsi mkono wa maiki unavyoshika mahali ulipouweka.

Kati ya dola 300 na 400 hivi kuna ile ya kijani inayoonekana kwenye mashule ya urubani duniani kote, David Clark H10-13.4, kutoka Worcester, Massachusetts. NRR yake ni 23, dhamana miaka mitano, uzito karibu nusu kilo. Ni nzito na inabana. Lakini kila kipande chake kinauzwa peke yake: mito, maiki, waya, sponji ya utosini. Mwenye bajeti ya kufika hapo hatuoni sababu ya yeye kutafuta kingine, isipokuwa kama kichwa chake kimeikataa.

Juu ya hapo ni ANR. Lightspeed Sierra iko chini ya dola 1,000, na Bose A30 inapita hapo.

Ukiagiza nje, usiishie kwenye bei ya tovuti. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya, na 18 Tanzania na Uganda. Juu yake kuna usafirishaji na huenda ushuru. Pata hesabu kwa wakala wa forodha kabla ya kulipa. Ndugu anayerudi kutoka Dubai, London au Marekani anaweza kukuletea, maana plagi mbili za ndege ndogo ni zilezile huko na huku. Mwambie tu abakize risiti, la sivyo dhamana itakusumbua.

Namna ya kuijaribu kichwani

Shusha vikombe mpaka chini kabisa, vaa, kisha shusha upinde wa kichwani mpaka uguse utosi bila kukandamiza. Sikio lote liwe ndani ya kikombe, hata ncha ya chini isikunjwe. Kaa nayo dakika 20 bila kuvua. Maumivu hayaji dakika ya pili, na safari yako ya peke yako ya masafa, angalau kilomita 270 zenye kutua katika viwanja viwili, itachukua muda mrefu kuliko hizo 20.

Kisha pima uzibaji. Simama karibu na jenereta au injini inayonguruma, bana vikombe kwa viganja. Kelele ikipungua sana ulipobana, mto haukuziba. Kutaka kujua panapovuja, sogeza kidole polepole kuzunguka mto huku ukibonyeza.

Sababu za kuvuja huwa ni zilezile. Mikono minene ya miwani huinua mto kutoka kwenye ngozi. Tafuta fremu yenye mikono myembamba iliyonyooka, na mito ya jeli badala ya sponji. Waliosuka wazirudishe rasta nyuma ya sikio kabla ya kuvaa, na fundo la nywele lifungwe chini, kisogoni. Fundo la utosini linapigana na upinde. Anayevaa hijabu avae ya kitambaa chepesi cha tabaka moja, kilicholala bila mikunjo pale mto unapokaa. Kila mkunjo ni njia ya kelele. Pini zikae mbali na vikombe, kwani baada ya nusu saa zitachoma.

Maiki ikae pembeni mwa midomo, si mbele ya pumzi, umbali wa milimita 3 hadi 6. Kipimo rahisi ni kuchomoza midomo kama unataka kubusu: inatakiwa iguse sponji kidogo tu. Maiki nyingi zina upande wa kusemea, umetiwa nukta au alama. Upande huo ukigeukia nje, maiki inaichukua sauti yako kama kelele na kuipunguza. Kosa hili dogo limewafanya watu warudishe hedseti nzima dukani.

Ukinunua iliyotumika

Hedseti ya kawaida iliyotumika ni ununuzi mzuri, mradi ukague. Fungua sponji ya maiki utazame kama kuna kutu. Minya mito: ikiwa imekakamaa kama plastiki, hesabu gharama ya mipya kwenye bei. Ichomeke, mtu aongee, nawe pindapinda waya pale unapoingia kwenye plagi na unapoingia kwenye kikombe. Sauti ikikatika hata mara moja, waya umevunjika ndani. Zungusha vidhibiti vya sauti vya vikombe vyote. Mikwaruzo kidogo husafishika, kimya cha upande mmoja ni kazi ya fundi. Pinda mkono wa maiki kisha achia. Ukishuka wenyewe, utashuka pia ukiwa unazungumza na mnara.

Bei ya hedseti hiyo pamoja na mito mipya isizidi nusu ya bei ya mpya. Ya ANR iliyotumika bila dhamana tunakushauri uipite.

Mara ya kwanza ndani ya ndege

Omba ruhusa ya mkufunzi ufike mapema.

1. Kabla ya kuwasha chochote, chomeka plagi zote mbili kwa nguvu mpaka zigote. Plagi iliyobaki nje milimita mbili ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "redio mbovu".
2. Hakikisha umechomeka upande wako. Plagi ya maiki ikiingia upande wa mkufunzi, utasikia vizuri lakini kitufe cha kuongea cha usukani wako hakitarusha sauti yako.
3. Weka sauti ya vikombe robo tatu, ya intakomu chini, kisha panda polepole.
4. Washa swichi kuu na redio, ongeeni kwenye intakomu, zima. Usikae hapo dakika nyingi. Betri ya ndege haichajiwi injini ikiwa imezimwa.
5. Injini ikishawaka, rekebisha skwelchi, kidhibiti cha intakomu kinachokata kelele za maiki wakati hakuna anayeongea. Mkiwa kimya, zungusha mpaka mngurumo ukatike, uishie hapohapo. Ukipitiliza, silabi ya kwanza ya kila neno itamezwa, na namba ya usajili wa ndege itafika mnarani nusu. Nguvu ya injini ikibadilika sana, utairekebisha tena.
6. Omba ukaguzi wa redio kwa mnara, na usikilize kiwango wanachokupa kati ya 1 na 5. Ukipata 3 au chini yake, sogeza maiki kabla ya kulaumu redio.

Isiposikika

Unasikia sikio moja tu: hedseti ya stirio (sauti ya njia mbili) iko kwenye ndege ya mono (njia moja). Tafuta kiswichi kidogo kwenye kikombe au kwenye waya, kipeleke mono. Kama hakipo, zungusha plagi nene taratibu. Huenda tundu limechakaa.

Unasikia, lakini husikiki popote: plagi nyembamba haijagota, au maiki imegeuka. Ukisikika na mkufunzi kwenye intakomu lakini si mnarani, hedseti ni nzima; angalia kitufe cha kuongea na redio iliyochaguliwa kwa kurusha.

Intakomu imekufa kwa wote wawili: tazama kama imewekwa ISO, inayomtenga rubani na wengine.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini hautoki kwenye hedseti. Unatoka kwenye alteneta, inayozalisha umeme wa ndege, au kwenye waya wa ardhi (ethi) uliounganishwa vibaya. Uandike kwenye kitabu cha hitilafu.

Kabla ya kuihukumu hedseti yako, badilishana hedseti na mkufunzi, kila mtu akibaki kwenye kiti chake. Tatizo likibaki kwenye kiti chako, ni la ndege. Likihamia kwake, ni la hedseti yako.

Kuitunza

Chomoa kwa kushika plagi, kamwe usivute waya. Usiiache juu ya dashibodi chini ya kioo, jua linakausha mito na kupindisha plastiki. Kabla ya kufunga mlango na kusogeza kiti, hakikisha waya hauko njiani, kwani reli ya kiti huukata taratibu bila wewe kujua. Futa jasho kwenye mito kila baada ya somo kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam chumvi ya bahari huziweka plagi utando. Zipanguse kila mwezi kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, na uache zikauke. Mito ikianza kukakamaa, badilisha yote miwili kwa pamoja. Sponji ya maiki ioshe kwa sabuni laini ikiwa imevuliwa, na uirudishe ikiwa kavu kabisa: sponji yenye maji huifanya sauti yako isikike kama umefunikwa blanketi.